Meza Iliyogeuziwa Ukuta

Keti, Gyu-hwan, na hiyo simu itie mfukoni. Na wewe Seon-mi, acha kumenya peasi, sitakula. Sogeeni mnisikilize, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia maneno.

Kiwanda cha keki za samaki ni chenu wawili, nusu kwa nusu, karatasi ziko kwa wakili, na nyumba hii ni ya mama yenu mpaka aseme mwenyewe ameichoka. Hayo yameisha. Kinachonikera hadi dawa hazishuki ni habari ya Maeng Ok-rye. Miaka ishirini na sita amesimama kwenye karai la mafuta, wewe Gyu-hwan ukitoka shule anakupa kipande cha kwanza, na leo unamwondoa karaini, unampa meza, unaigeuza itazame ukuta, akae kutwa bila kazi yoyote mpaka achoke, aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi. Nilipokuuliza ukanijibu, "Baba, sijamfukuza, nimemhamisha tu." Umemhamishia wapi, kwenye rangi ya ukuta? Unanichosha, mtoto wewe.

Kosa lake nini? Kama lipo, sheria haikukatazi kumwachisha: mwite, mwambie kosa, msikilize, kisha mwandikie sababu na tarehe, ugonge muhuri wako chini kama sahihi. Lakini huwezi kuandika, kwa sababu ukiandika "amezeeka, namtaka kijana," unajua Tume ya Kazi itamrudisha kesho yake. Ndiyo maana unataka aandike yeye. Unajiona mjanja, kumbe ni mwoga.

Najua, kwa sababu niliyafanya mimi. Tak Byeong-ho, fundi wetu wa mashine, nilimgeuzia meza ukutani siku arobaini, akagoma kuandika, akanishtaki, Tume ikamrudisha kwenye mashine zake. Kila asubuhi aliniinamia kwa heshima zote, na kila mchana alikula wali wake amenipa mgongo, miaka kumi na moja. Mimi na kiburi changu tukamzika bila kumwomba radhi, na mpaka leo inaniuma.

Jana Ok-rye alikuja hapa, akanipa barua kwa mikono miwili. Ameshaiandika, bado kugonga muhuri wake tu. Akasema, "Mzee, nimeshindwa. Nikiugonga, hutanichukia?" Nikamwomba asubiri mpaka Jumatatu. Jumatatu ni kesho, Gyu-hwan.

Sasa fanya hivi. Funguo za kiwanda unazo. Nenda leo, igeuze meza ile kwa mikono yako, usitume mtu. Kisha uende kwake, umwombe radhi kwa mdomo wako, usimwandikie kwenye simu, umwambie karai lake linamngoja. Seon-mi, mfuate, uhakikishe.

Nawatakia afya. Mle meza moja, msisusiane. Mama yenu... msimwache ale peke yake.

Na hiki kitanda. Mlinilaza natazama ukuta, eti nipate utulivu. Wiki ya tatu hii, nasikia mnaingia, mnatoka, siwaoni. Nimeujua kila ufa.

Hapana, Seon-mi, usikiguse. Meza ya Ok-rye kwanza... halafu mimi.

Nenda, mwanangu. Nitakungoja hivi hivi.