Solveig Tjernberg na Mti wa Njia

Feni ya mashine ilivuma kwa nguvu, ikatulia, ikavuma tena. Wenzake wa kazi mlioketi humu kanisani mnaikumbuka sauti hiyo. Mimi hainitoki.

Solveig Tjernberg alizaliwa tarehe 9 Februari 1957 mjini Härnösand, mtoto wa kwanza wa Birger, mpanga barua wa posta, na Alfhild, fundi cherehani. Mimi, mdogo wake Torgny, nilimfuata baada ya miaka sita. Alisoma mjini humo, kisha mwaka 1976 akaenda Uppsala kusomea hisabati, akahitimu mwaka 1981.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika ofisi ya mitandao ya vyuo, nami nikajiunga naye mwaka 1994. Huko alitunza kile tulichokiita mti wa njia, programu iliyopanga njia za mtandao ndani ya mashine. Kila ujumbe unaoingia mtandaoni huuliza uelekee wapi, na mti huujibu, tawi kwa tawi. Tawi likijaa hujipanua maradufu. Likipwaya hujipunguza nusu. Kazi ngumu ni kuamua lini. Solveig aliliruhusu tawi lipanuke iwapo baada ya kupanuka njia zingelijaza angalau nusu, ila lisipungue mpaka zibaki chini ya robo.

"Njia huja na kuondoka," alituambia. "Huwezi kubomoa chumba kwa sababu mgeni ametoka kuvuta sigara."

Tarehe 18 Juni 1988 aliolewa na Ragnvald Öhrn, fundi wa vinanda vya makanisa. Katika nyumba yao ya kiangazi alikataza viti visiondolewe mezani kabla ya jioni. Ragnvald akimtania, "Mke wangu, unamngoja mfalme?" alimjibu, "Mfalme ana kwake. Namngoja wa kuosha vyombo."

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Mapema mwaka 2006 niliona ile robo yake inapoteza bure nafasi kwenye mashine. Nikapandisha kiwango cha kupungua hadi karibu na nusu, nikakijaribu kwa orodha ya njia zilizotulia, zisizokuja wala kuondoka. Majibu yakapendeza. Nikalichomeka badiliko hilo katikati ya masahihisho madogo madogo, naye akayapitisha kwa kuniamini. Desturi yetu ilikuwa kwamba kila kilichopita mkononi mwake kilitoka kwa jina lake.

Jumatatu tarehe 13 Machi, waya mmoja huko kaskazini ulilegea, njia zikawa zinapotea na kurudi. Mti ukajipanua, ukajipunguza, ukajipanua tena. Mashine ikawa inajenga na kubomoa tu, feni yake ikivuma na kutulia, haijibu mtu. Vyuo sita vilikaa kwa muda wa saa tisa bila mtandao. Kikaoni mkuu wetu akauliza nani aliyegusa vile viwango. Nilitazama kikombe changu cha kahawa.

Solveig akasema, "Jina lililoandikwa pale ni langu."

Ukuu wa kitengo, aliokuwa ameahidiwa, akapewa mwingine. Alirudisha robo yake mahali pake na kuendelea na kazi hadi alipougua, wala hakuniuliza neno. Wapo humu wanaoamini mpaka leo kwamba siku ile alifanya uzembe. Hakufanya. Ni mimi, na nilinyamaza miaka kumi na tano.

Januari 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Oktoba, nyumbani kwake Uppsala, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ragnvald. Ameacha mume, binti yake Ylva, mwanawe Hjalmar, mjukuu wake Tuva, nami. Dada, pumzika kwa amani. Kazi yako ilikuwa safi.

Wiki moja kabla hajafa, nilimweleza yote haya kando ya kitanda chake. Aliniomba nimwinulie mto. Kisha akasema, kwa sauti iliyonibidi niiname ndipo niisikie:

"Mimi nilijua siku ile ile, Torgny. Waambie wao."