Bei ya Paneli ya Kiwembe

Kijiwe chetu hapa Koutiala kiko mbele ya banda la kinyozi, na mimi nakaanga vibibi pembeni yake, mwanangu Nyele mgongoni. Sisemi sana, nasikiliza. Alasiri hiyo paneli ya sola ya Mzee Zumana, kinyozi tunayemwita Kiwembe, ilikuwa imeshushwa kutoka paani na kuegemezwa ukutani, betri yake chini. Macho ya Kiwembe yamefifia, na binti yake aliyeko Kayes amemwita akakae naye. Nauli ingetoka kwenye vitu hivyo viwili. Mnunuzi, Worokia, alikuwa ametoka kijijini na mkokoteni wa punda. Alitaka kufungua kibanda cha kuchajia watu simu. Kiwembe alisema hawezi kupangia bei kitu alichokizoea, mtani wake apange. Mtani wake ni Ngolo Kulibali, na kwa kuwa akina Kulibali wote hutaniwa kwa kula maharage, Maharage ndilo jina lake kijiweni. Mpika chai, Birika, alikuwa anamimina glasi za kwanza.

— Faranga elfu sitini, — Maharage alisema.

— Baba, mpya dukani ni elfu arobaini! — Worokia alicheka.

— Mpya haijui kazi. Hii imekunywa jua miaka saba. Jua lote limo humu ndani, unanunua pamoja na akiba.

— Mtani, leo umeshiba maharage mapema, — Kiwembe alisema.

— Nyamaza, mjukuu wangu. Nakutetea.

Birika akadakia:

— Na betri hiyo, dada, imezoea joto letu. Betri mpya ikifika hapa inashtuka, inavimba. Hii ilishashtuka zamani. Ongeza elfu kumi.

— Elfu sabini? Kwa betri iliyoshtuka?

— Themanini, — Maharage alisema. — Tumesahau vichwa! Watoto wote wa mtaa huu wamenyolewa nywele za kuzaliwa kwa umeme wa paneli hii. Hata huyo pale. Au nasema uongo, Mama Nyele?

Niliinamia kikaango. Hakusema uongo. Kiwembe alimnyoa huku akimwimbia, na Nyele hakulia.

— Mimi nachaji simu, baba. Sinunui vichwa.

— Haya, — Birika alisema, — ng'ombe anayejua njia ya nyumbani anauzwaje?

— Ghali.

— Basi paneli hii inajua jua linatokea wapi. Laki moja.

Kila bei ilipopanda walimtazama Kiwembe, si Worokia. Nadhani Worokia aliliona hilo, maana aliweka glasi yake chini.

— Baba zangu, mnisamehe. Nyinyi mnataka auze?

Chai ikafurika na kumwagikia makaa. Maharage akawa anatazama viatu vyake.

Kiwembe alinyoosha mkono, akakipapasa kioo cha paneli mpaka pembeni.

— Mwanangu, kioo ni kizima. Nipe nusu ya mpya, elfu ishirini. Betri imechoka. Hata ikichaji kutwa, taa inazima kabla ya isha. Hiyo elfu tano, kama chuma chakavu, na ukianza kupata wateja ununue nyingine. Waya na taa chukua bure.

Worokia hakubishana. Alitoa pesa, na Kiwembe akampa Maharage amhesabie.

— Zimetimia, — Maharage alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akaifuta paneli kwa mkono wa kanzu yake, pembe hadi pembe, akaitandikia magunia mkokotenini na kuilaza kama mtu anayelaza mtoto. Punda akaondoka.

Birika alimimina chai ya tatu. Huku kwetu majani hupikwa mara tatu, na watu wakishakunywa ya tatu wanaagana.

— Haya, — Kiwembe alisema, — niende nikafunge mizigo.

— Kaa, — Birika alisema.

Akaongeza maji kwenye majani yaleyale. Sukari ilikuwa imekwisha, nikampelekea ya vibibi vyangu. Chai ya nne ilitoka nyeupe kama maji, unaona mpaka chini ya glasi. Kiwembe aliishika kwa mikono miwili.

— Ikoje, mtani? Mimi sioni.

Maharage alionja kwanza.

— Kali, — alisema. — Bado ina nguvu sana hii. Kunywa polepole.