Magdaline Nasike na Majiko Yasiyohesabiwa

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema. Vuta kiti, ita jirani, na kama kuna mtoto analia mpe kitu cha kutafuna. Ni mimi Annet, na hii ni saa yetu ya Jumapili ya kuwakumbuka waliotutoka.

Leo tunamkumbuka Magdaline Nasike. Mama Celine, wa Soweto West, hapa Kibera. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Jana alizikwa kwao Kimilili.

Kama ulimjua Nasike, basi ulijua maharagwe yake. Alichemsha maharagwe na githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, akauza kwa kikombe, miaka ishirini na tisa, mahali pamoja. Sufuria mbili kubwa, majiko mawili makubwa. Makaa yakipanda bei, aliongezea mabaki ya mbao kutoka kwa mafundi. Ukipita pale saa tano asubuhi unakuta moshi, na katikati ya moshi unasikia kicheko. Huyo ni yeye.

Na watu hawakuenda pale kwa maharagwe peke yake. Walienda kusikia habari. Nani amehama, nani amerudiana na nani, pasta gani amenunua suti ya tatu. Nasike alijua mpangaji anataka kuhama kabla landilodi hajajua. Nyumba yake ni chumba kimoja, lakini sijawahi kuingia nikakuta viti vinatosha. Celine, binti yake wa pekee, ananiambia: "Sisi tulikuwa wawili kwa nyumba, lakini mama alikuwa anapika ya watu kumi. Nikimuuliza ni ya nani, anasema watakuja tu."

Kwa hiyo watu wa Nyumba Kumi, ule umoja wa ulinzi wa majirani, walipotafuta mwenyekiti pale kwao, nani mwingine angechaguliwa?

Sasa wapendwa, nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalianzia.

Miaka minne iliyopita serikali ilikuwa inatengeneza mpango. Mpango wa nchi nzima wa kupunguza gesi chafu, hizi zinazopasha dunia joto. Unajua mpango kama huo huanza na hesabu. Magari yanatoa kiasi gani, viwanda kiasi gani, ng'ombe kiasi gani. Na jikoni je? Sisi wa Kibera tuliingia kwa upande wa jikoni. Ofisi moja, sitaitaja, ikatuma watu wa kuhesabu nani anapikia makaa na nani anapikia gesi. Mahali palipo na makaa mengi ndipo majiko mapya ya bei nafuu yangepelekwa kwanza. Narudia: palipo na makaa mengi ndipo pangesaidiwa kwanza.

Nasike aliambiwa hivyo kwa baraza la chifu. Akawaambia majirani hivyo hivyo. Na hakuna aliyeamini. Hapa kwetu tunajua, anayekuhesabu leo, kesho anakuletea tingatinga la kukubomolea nyumba. Wengine wakasema ukipatikana na makaa utatozwa faini. Wengine wakasema wanakuja na kamera, tutaonekana kwa televisheni tukiwa na masizi.

Na kuna kitu kingine. Mama yake Nasike, kule Kimilili, alimlea na sheria moja: mgeni hapokelewi na moshi. Ukisikia mbwa wanabweka, unatoa kuni kwenye mafiga, unafagia, unajifuta uso, halafu ndio unatoka kusalimia. Moshi ni aibu ya nyumba. Nasike aliwafundisha majirani zake wote sheria hiyo. Mkwe akija, jiko linafichwa. Pasta akija, jiko linafichwa. Sasa serikali inakuja.

Basi akapanga mambo. Ana kaka yake, Wanzala, ana duka la kujaza gesi kule mtaa wa Kawangware 56. Wanzala akaleta mitungi minne midogo, ile ya kilo sita yenye kichwa cha kupikia juu. Mingi haikuwa na gesi. Siku ya hesabu, Nasike akawakaribisha wageni kwa chai na mahamri, akawapa hadithi. Na mnajua hadithi zake haziishi upesi. Huku nyuma, Omolo, yule anayesukuma mkokoteni wa maji, alikuwa anapitisha mitungi kwa kichochoro kutoka mlango hadi mlango. Wageni wakifika, mtungi umeshafika. Jiko la makaa liko chini ya kitanda, limefunikwa na karai, bado lina moto.

Mmoja wa wale wahesabu, kijana anaitwa Ng'ang'a, aliuliza mbona kila mtungi una doa la rangi ya kijani pale pale. Nasike akamwambia, "Mwanangu, sisi wote tunanunua duka moja." Watu walicheka mwezi mzima. Yaani hiyo ilikuwa hadithi ya mtaa.

Mwaka juzi wakarudi na ripoti. Mkutano ulikuwa kwa ukumbi wa kanisa, na umejaa. Ng'ang'a akasoma: katika Soweto West, nyumba tisini na moja kwa kila mia zimeachana na makaa. Tisini na moja kwa mia. Akatupongeza. Akasema majiko mapya yatapelekwa mitaa mingine, maana sisi tumeshavuka.

Na sisi tukapiga makofi. Nilikuwa hapo, nilipiga makofi pia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kusimama mbele yetu na kusema tumefanya vizuri.

Nasike hakupiga makofi. Alisimama. Wakati huo kikohozi kilikuwa kimeshaanza, kliniki walikuwa wamemwambia mapafu yake yamechoka na moshi. Alisimama akashika kiti cha mbele, akasema: "Tuliwadanganya. Mitungi ilikuwa minne. Ni mimi niliipanga. Andikeni tena."

Wapendwa, ukumbi ulinguruma. Mwanamke mmoja nyuma akamwambia, "Wee Mama Celine, mbona unatuanika? Unataka tuonekane washamba?" Ng'ang'a alimjibu kwa heshima. Alisema namba zimeshaingia kwa mpango, na mpango umeshasomwa mpaka ng'ambo. Lakini mpango ungefunguliwa tena kidogo mwaka huu, kabla ya Juni. Nasike akija na sahihi za wakaaji wanaokubali kwamba hesabu haikuwa sawa, yeye Ng'ang'a atasukuma irudiwe. Baada ya Juni unafungwa, miaka mitano.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Kurekebisha namba moja kabla ya Juni.

Alitembea mlango kwa mlango, ploti kwa ploti. Mtu wa maneno kama yeye, ambaye hakuwahi kukataliwa kikombe cha chai, sasa milango inafungwa akionekana. Watu waliogopa kuandika kwamba walidanganya serikali. Wengine walisema wataweka sahihi wakiona jirani ameweka. Jirani naye anasema hivyo hivyo. Omolo alimtania, akamwambia yeye ndiye mtu wa kwanza Kibera kwenda kwa serikali kuomba arudishiwe umaskini wake. Lakini Omolo aliweka sahihi. Nyumba mia moja na sitini, sahihi tisa. Narudia, sahihi tisa.

Kifua kikazidi. Wanzala akampeleka Kawangware, kwake wanapikia gesi kweli. Wiki mbili kikohozi kilipungua. Alilala vizuri, akaanza hata kuwaletea wake wa majirani umbea wa Kibera. Wanzala anasimulia: "Nilimwambia, dada, baki hapa, nitakutafutia kibanda cha nguo. Akaniambia, 'Nikibaki hapa mimi nitapumua. Na wale niliowafichia majiko?'" Siku ya kumi na tano alirudi Soweto West. Akawasha majiko yake mawili, kwa sababu maharagwe hayajichemshi.

Aliandikia ile ofisi ya hesabu barua. Celine ndiye alikuwa anashika kalamu, mama anamtamkia maneno. Barua saba. Ya saba ikajibiwa mwezi wa nne. Ng'ang'a alikuwa amehamishwa, lakini kabla hajaondoka alipitisha jambo hilo. Hesabu itarudiwa. Wahesabu watakuja Jumatatu.

Celine anasema siku jibu lilipofika mama yake alikuwa kitandani, hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Lakini alifurahi, akataka kuongea na kila mtu. Wakapanga Jumamosi majirani waje kwake, awaombe kwa kinywa chake mwenyewe: safari hii msifiche.

Wahesabu hawakungoja Jumatatu. Walikuja Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano wake. Wasichana wawili wageni kabisa, wana fomu na tabasamu. Walikuwa na kazi nyingi, wakaamua kumaliza Kibera mapema.

Celine alikuwa ameenda kuchukua dawa. Aliyekuwa na mgonjwa ni Daisy, jirani wa mlango wa pili, mtu anayempenda Nasike kama mama mzazi. Daisy akasikia wageni wa serikali wako kwa kona. Akaangalia chumba. Ukuta una masizi, jiko liko mlangoni, mgonjwa amelala. Akafanya alichofundishwa. Akatoa jiko, akalisukuma nyuma ya nyumba. Akapangusa ukuta, akambadilisha Nasike kitambaa cha kichwa, akakimbia kwa shangazi yake akaleta mtungi wa gesi, akauweka kando ya kitanda, mahali pa kuonekana. Na wengine walipomwona Daisy anakimbia na mtungi, nao wakaanza kuficha majiko yao. Ploti nzima. Hakuna aliyeambiwa. Ilikuwa kama mvua imeanza na watu wanatoa nguo kwa kamba.

Wale wasichana waliingia, wakampa pole. Nasike hakuwa na sauti. Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba, kule jiko liliko. Mmoja wao akadhani anataka maji, akamnywesha. Akaandika kwa fomu: gesi. Wakaenda mlango unaofuata.

Celine anasema: "Nilirudi nikakuta mtungi kando ya kitanda. Hata haukuwa na gesi. Mama alikuwa analia, na kulia kunataka pumzi, na yeye hana."

Nilimwendea Daisy wiki hii. Nilimuuliza kwa upole, maana amekonda. Aliniambia maneno haya, nami nawapa vile vile: "Ungetaka wageni wamkute na masizi? Yeye ndiye alinifundisha. Nilimfanyia heshima."

Ndiyo, Daisy. Ulimfanyia heshima. Hakuna anayekulaumu, na kwa kweli hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ningejua nimlaumu nani, leo ningelala.

Juni ilifika. Mpango ulifungwa. Nimeusoma mwenyewe ukurasa wetu, niliuomba. Safari hii ni tisini na nne kwa mia. Tumepanda, wapendwa. Mahali pa kuandika moshi kiasi gani upunguzwe Soweto West, wameandika sifuri, kwa sababu kwa karatasi hakuna moshi uliobaki. Celine hakumsomea mama yake ukurasa huo. Anasema Nasike aliuliza mara moja tu, kwa macho, na yeye akamwambia bado wanajumlisha. Huo ndio uongo wa mwisho aliopewa Magdaline Nasike, na aliyempa ni mtoto wake.

Siku za matanga nilikuwa pale. Waombolezaji walikuwa wengi, na lazima walishwe. Na majiko yote yakatoka nje. Yalianzia mlango wa Nasike, yakapita kwa Daisy, yakafika kwa Omolo, yakapinda kona. Makaa, mbao, makaratasi. Moshi mpaka macho hayafunguki. Watu wanakohoa wanachochea, wanakohoa wanachochea. Siku hizo hakuna aliyeficha, maana hakukuwa na mgeni. Na hakuna aliyekuwa na fomu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Celine Nasike, kwa kaka Wanzala na familia yote ya Kawangware na Kimilili, kwa majirani wa Soweto West, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa studioni. Magdaline Nasike, Mama Celine, miaka hamsini na tatu, ametutoka. Mungu ampumzishe mahali penye hewa.

Kwa wewe unayenisikiliza ukiwa umeinama juu ya jiko, kawaida hapa ningekwambia jambo la kukutia moyo. Leo sina. Nakuomba tu ufikirie. Kuna siku mtu alikuuliza unaishi vipi, ukampa jibu la kumfurahisha mgeni, akaliandika, akaenda nalo. Fikiria liko wapi sasa, na nani anapangiwa maisha kwa jibu hilo.

Mpango utafunguliwa tena baada ya miaka mitano. Watakuja kuhesabu tena. Mwenyekiti mpya wa Nyumba Kumi pale kwa Nasike ni Daisy.