Kilio Kilichopewa Tuzo

Muuguzi alipanda treni akitaka kusinzia, lakini kwenye kiti cha mbele yake kinyozi mmoja alikuwa amemganda mama wa watu kwa maneno. "Filamu nzima inabebwa na yule binti, mama! Yumo mwanzo mpaka mwisho. Halafu wanampa tuzo ya mwigizaji msaidizi! Anamsaidia nani?" Muuguzi hakuwahi kusikia mtu akigombania tuzo isiyo yake kwa uchungu namna ile.

"Ulipenda hasa wapi?" mama aliuliza.

"Anapolia msibani. Anacheka kwanza, ndipo analia. Kitu kile hakifundishwi."

"Hakufundishwa. Ni mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyolia mimi tulipomzika baba yake, naye ananiangalia." Mama alifuta miwani. "Nilimpigia simu nimgombeze, nikajikuta nampongeza. Sasa baba, wewe unayezijua filamu, niambie: ameniibia au amenienzi?"

Kinyozi aligeuka kumtazama muuguzi, kana kwamba yeye ndiye anayejua. Muuguzi naye macho yalikuwa yamemlowa, asijue anamlilia nani. Treni ikasimama. Mama akachukua mkoba wake, akashuka bila kujibiwa.