Njia ya Kwenye Mikorosho ya Mjomba Wenu

Amna, niwekee mto mgongoni nikae kama mtu anayezungumza na wenzake. Swalehe, acha mlango wazi upepo uingie, kisha ukae chini. Na wewe Rashidy, mdogo wangu, usijibanze huko uani kama mgeni. Ingia, maana haya ninayotaka kuwaambia wapwa zako yanakuhusu wewe kuliko yanavyowahusu wao. Nisikilizeni wote, wala asinikatize mtu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja.

Jana asubuhi nilisikia shoka. Nikadhani ni masikio ya mgonjwa, nikamwita Amna, akaniambia, "Mama, ni mjomba, anakata mkorosho." Nililia, wanangu, na hamkunielewa, mkaanza kunipepea. Sikuwa na maumivu yoyote. Nilikuwa nimetuliwa ndoo niliyoibeba kichwani miaka mingi.

Mmekua mkinijua mama yenu ni mtu wa kuzunguka. Nimekwenda Nanganga, nimekwenda Narung'ombe, nimevuka mpaka vijiji vya Nachingwea, na kila nilipofika nilisema tufagie uwanja, tuchore kijiji chini kwa majivu, maganda ya korosho yawe nyumba, halafu kila mtu asimame penye nyumba yake aseme kinachomtesa. Kwa kazi hiyo visima vimechimbwa karibu na watu, shule zimepata vyoo, na pale palipokuwa jalala sokoni leo kina mama wanauza muhogo kivulini. Walinisifu sana huko. Lakini hapa kwetu Chinongwe njia ya kwenda zahanati ilinishinda, na waliokuwa wakinicheka pembeni nilicheka nao, huku moyo unaniuma.

Wenzetu wa bondeni, akina Magreti, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, masika yakiingia hawana pa kupita isipokuwa katika shamba letu, kwa kuwa korongo linajaa. Sofia, mkwe wa Magreti, alijifungulia kwenye tope, kitanda walichombebea kimewekwa chini, zahanati wanaiona kwa macho. Mtoto alipona, ndiye Tabitha huyu anayekuja kunisalimia na kuniibia karanga. Basi tukakaa kikao, tukachora, na mimi nikasimama nikasema shamba ni langu, nimeachiwa na mama yangu, njia nimeitoa. Watu wakapiga makofi, wakaenda kula.

Mwenye shamba aliulizwa, mwenye miti hakuulizwa. Huku kwetu hata mtoto anajua kuwa ardhi inaweza kuwa ya huyu na mkorosho ukawa wa yule aliyeupanda, na kikao kizima hakuna aliyekumbuka! Rashidy alikuwa porini anavuna ufuta. Anarudi anakuta watu wamefunga kamba kwenye mikorosho yake, wanapima. Akaziba kwa miiba. Wakamwita mchoyo, wakasema yeye hawapendi watu wa bondeni, naye kwangu akaacha kuingia. Idi zikapita tunapeana mikono kama watu wa msibani. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi kuliko huu ugonjwa: kwamba nitakufa njia imefungwa, nanyi mtagawana shamba na miiba yake, na ugomvi uwe wenu.

Aliyefungua ni Magreti. Hakuja na kamati. Alipiga hodi kwa mjomba wenu, akakaa mkekani, akamwambia, "Kaka, miti ni yako. Twende unionyeshe, ungekuwa umebeba mgonjwa, wewe ungepita wapi?" Wakachukua kitanda kitupu, Magreti mbele, Rashidy nyuma, wazee wawili wanahangaika na kitanda katikati ya shamba, watu wakidhani wamerukwa na akili. Kila kitanda kilipokwama, mjomba wenu alisimama akaangalia. Sisi kwenye majivu tulichora njia iliyonyooka, tukawa tunataka mikorosho mingi ianguke. Yeye akasema njia ikipinda kidogo utaanguka mmoja tu, ule mgonjwa usiozaa, na hii mingine ibaki, wabebaji wapate kivuli cha kupumzika. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kivuli. Ahsante, Rashidy. Nimekuudhi sana kwa kutokuuliza, na wewe umeniudhi sana kwa kununa. Basi yaishe hapa.

Sasa shikeni maneno yangu. Shamba la huku juu ni la Amna, la kule kwenye kichuguu ni la Swalehe, na nyumba ni yenu wote. Njia haimo katika kugawana. Hiyo ni sadaka yangu, asiilime mtu, asiifunge mtu, awe mwanangu au mjukuu. Mikorosho iliyo kando yake ni ya mjomba wenu na wanawe, na korosho zikidondoka njiani ni zake vilevile; Swalehe, nakujua, usiokote. Sufuria kubwa ni la Magreti. Mrudishieni, lakini baada ya matanga, maana mtalihitaji.

Amna, majivu na uwanja nakuachia wewe. Utakapokwenda kwa watu, usiwakusanye wakati nusu yao wako mashambani. Na wakishakubaliana, kabla hawajapiga makofi, uliza nani hayupo.

Nipe maji... taratibu.

Haya ya wapi? Ya bomba la zahanati? Amna, umekwenda na kurudi nilipokuwa nimesinzia tu? Kwa njia ile... Alhamdulillahi.

Sikieni, nachoka. Makaburi yetu yako nyuma ya zahanati. Baba yenu tulimzungusha kule korongoni kwa sababu ya miiba, mnakumbuka, jeneza likawa linayumba, nikaona aibu mbele yake. Mimi mnipitishe kwenye mikorosho. Msikimbie. Pale penye kivuli mpumzike kidogo, mbadilishane mabega, na wa bondeni nao washike, msiwazuie.

Mungu awaweke. Awape watoto wanaosikia... awape wageni wanaopiga hodi. Rashidy, sogea, sikuoni vizuri.

Mbele ushike wewe. Wewe ndiye unayejua inapopinda.