Maboksi Sita na Mgeni Rasmi

Mwalimu Immakulata Niyonsaba anastaafu kesho, tarehe 30 Juni 2015, baada ya kufundisha sayansi kwa miaka thelathini na minne: kumi na miwili Kibondo, na iliyobaki hapa kwetu Kasulu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake na kuwasomea hapa leo, uwe mchangamfu. Nimejaribu. Lakini mimi Shamsi ndiye mtunza stoo wa shule hii, na nina hasira, hivyo mtanivumilia.

Tuanze na ya kuchekesha. Umeme wa jenereta ulipofika mjini, Mwalimu alianza kupita dukani kwa Nurudini kila Jumamosi kuomba globu zilizoungua, na maneno yakaenea kwamba mama huyu ni mchawi. Kumbe anazitoa vya ndani, anazijaza maji, zinakuwa lenzi! Kupitia globu ya Nurudini, mguu wa siafu ulionekana una vinyweleo. Wanafunzi walipiga kelele hadi darasa la jirani likaja kuchungulia.

Ndivyo alivyofundisha. Kama huna karatasi ya kupimia asidi, chemsha choya, yale maua mekundu ya juisi. Maji yake mekundu yakikutana na maji ya majivu yanageuka kijani. Bomba la sindano, ukishatoa sindano yenyewe, linapima mililita vizuri kabisa. Iodini ya duka la dawa ukiidondoshea kwenye muhogo, muhogo unakuwa mweusi, maana una wanga. Kwenye kitunguu hupati kitu. Yote ameyaandika katika daftari lililo juu ya meza ya walimu, na penseli imefungwa hapo kwa uzi, ili kila anayejaribu aandike na pale palipomshinda. Walimu wa Kitanga wanakuja na baiskeli kulinakili.

Sasa hasira. Februari 2012, baada ya barua zake kumi na moja, tuliletewa maboksi sita ya hadubini na bureti, ile mirija yenye koki ya kupimia asidi. Mama wa watu aliruka kama msichana. Uongozi ukasema yatafunguliwa na mgeni rasmi, siku ya uzinduzi. Mimi nikachukua kalamu nene nikaandika ubavuni: VITUNZWE. Mgeni rasmi akaahirisha. Akaahirisha tena. Mara ya tatu mbuzi alikuwa ameshachinjwa, tukamla wenyewe. Kila Jumatatu Mwalimu alikuja stoo, ananisalimu kwa Kiha, “mwakeye”, kwa upole, anaomba ufunguo, nami namjibu kwamba agizo ni agizo. Siku moja aliniambia kwamba kitu kinachotunzwa ni kile kinachooshwa baada ya kutumika. Nikacheka. Mpumbavu mimi!

Novemba 2013 ukafika mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Bureti tuliazima Kibondo. Jamani! Tunaazima bureti, na zetu zimelala stoo! Asia Gharibu wa Rungwe Mpya, aliyekuwa anaongoza darasa, hakuwahi kushika bureti maishani mwake. Akafungua koki yote, asidi ikamwagika nzima kwenye chupa, na alipopewa nyingine muda ulikuwa umekwisha. Alitaka kusomea uuguzi. Kemia ikamnyima. Mwalimu alilia mbele ya ofisi nzima ya walimu, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumtazama.

Mpaka naandika haya, maboksi bado yamefungwa. Anastaafu bila kugusa hadubini aliyoiomba yeye mwenyewe! Hii ni aibu, sina jina jingine la kuiita, na sehemu yangu naibeba.

Ila nimeisoma ratiba ya sherehe niliyopewa nikaichapishe. Mstari wa nne unasema: Mgeni rasmi, Mwalimu Immakulata Niyonsaba. Basi, agizo ni agizo. Asubuhi hii nimeyatoa maboksi yote sita na kuyapanga mbele ya meza kuu. Mkuu wa shule anapata habari hii sasa hivi, kama ninyi. Asia nimemwalika, yuko mstari wa mbele, na Novemba anarudia kemia.

Asante, Mama, kwa miaka yote hiyo, na kwa kila Jumatatu uliyorudi mikono mitupu. Leo pia ni Jumatatu. Mkasi anao Asia. Fungua kwanza, ndipo tukutakie maisha mema.