La Pili la Nini?

Bi Ummy, mkaanga samaki wa soko la Feri, alipandia basi la mwendokasi kituo cha Fire akiwa na hasira za nyumbani, na mzee aliyekaa naye kiti kimoja akazichochea. Mzee huyo, Severine, alipoona miwani myeusi ya Bi Ummy, alimwambia kwamba hata yeye alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana. Jicho moja tu, la pili hataki liguswe.

"Moja linatosha, mama. Kwa umri wetu huu, la pili la nini?"

Asubuhi hiyohiyo, alipotaka jicho lake la pili nalo lipasuliwe, watoto wa Bi Ummy walikuwa wamemwambia maneno hayohayo.

"La nini?" akafoka, hadi abiria wa mbele wakageuka. "Mimi samaki namchagua kwa jicho lake. Likiwa na ukungu, si wa leo huyo, namrudisha. Sasa nikiinama kwenye meza ya mnada na ukungu wangu mwenyewe, wananicheka! Juzi nimegeuza kibua kwa jicho hilo moja linalotosha, vidole vikaishia kwenye mafuta." Akamwonyesha bandeji.

"Na daktari akiliharibu?"

"Ataharibu nini, mzee wangu? Kuna kitu humo?"

Basi likasimama Kivukoni. Mlango ulikuwa sawasawa na jukwaa, lakini mzee aliinua mguu juu kama anayepanda ngazi, akapepesuka, akaudaka mkono wa Bi Ummy, uleule wenye bandeji.

"Nimekwambia linatosha," alisema, bado ameung'ang'ania.